Njia za Miguu za Kasaji: Kutembea Porini na Kando ya Mito, Jana na Leo

Tunapoandika juu ya mila za kwetu tumezoea kuanza na mukanda, na ngoma, na mahari, na kukalishwa kwa mashefu. Ni vizuri. Lakini kuko desturi moja yenye tunaifanya kila siku bila kuipa heshima yake: kutembea kwa miguu, polepole, katika pori na kando ya mto, kwenda kuona ndugu, kutafuta bowa, kuchota maji, ao kupunga hewa tu jioni jua likishuka. Juu ya desturi hiyo watu mingi wanasema: "Ile si mila, ile ni miguu tu." Sisi tunasema hapana. Njia ya miguu ni kitabu, na kitabu hiki kinaanza kufutika mbele ya macho yetu.

Wengine watasema tena kwamba kutembea kwa starehe ni jambo la Wazungu, wenye kwenda porini na kofia na ramani. Swahili yetu ya Katanga yenyewe inakataa. Mtu akisema "naenda kutembea", anaweza kumaanisha kwamba anapiga miguu, ao kwamba anakwenda kumsalimia mtu kwake. Neno moja linashika safari na ziara pamoja. Kwetu mtu hatembei kuhesabu kilometa. Anatembea kuelekea mtu, ao kuelekea mahali penye habari. Njo maana wazee walisema "tembea uone", hawakusema "tembea uchoke".

Njia nyembamba yenye kupinda

Mwenye kupita kwa mara ya kwanza katika pori letu kati ya Dilolo, Kasaji na Mutshatsha atashangaa kuona njia nyembamba, ya mtu mmoja mmoja, na yenye kupinda kila mara. Anajiuliza: kwa nini hawakuinyoosha? Jibu liko chini ya miguu yake. Mti ukianguka juu ya njia, mpita-njia haukati, anauzunguka. Wa pili anafuata nyayo zake. Miaka inapita, mti unaoza, mchwa wanaumaliza, lakini njia inabaki na pindo lake. Hapo ulipopinda bila sababu, ujue kulikuwa na mti. Vilevile njia inazunguka kichuguu, sababu vichuguu vya Katanga si vitu vya kusukuma: vingine vinapita mita 5 kwa urefu, na wataalamu waliopima udongo wa vichuguu vya upande wa Lubumbashi walikuta kwamba kuko vyenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kichuguu kama hicho kilikuwa pale mbele ya ufalme wa Lunda, mbele ya reli, mbele ya mipaka yote.

Ufalme wa Lunda wenyewe, kama wazee wanavyosimulia, unaanza kando ya maji. Ni kule kwenye mto Nkalany ambapo Ruwej, binti wa mfalme, alikutana na Chibinda Ilunga, mwindaji wa Waluba aliyekuja akitembea kutoka mashariki. Mreno Henrique de Carvalho aliandika masimulizi hayo baada ya safari yake ya miaka 1884 hadi 1888, lakini vinywa vya watu vilikuwa vimeyashika zamani sana. Tuangalie vizuri: hadithi ya mwanzo wetu si ya vita kubwa. Ni ya mtu mwenye kutembea, na ya watu wenye kupumzika kando ya mto. Walioukataa utawala wa yule mgeni wakaondoka, na kwa miguu yao wakapeleka jina na vyeo vya Lunda hadi Angola na Zambia ya leo. Wachokwe, Waluvale na Wandembu, jirani zetu na ndugu zetu wa Kasaji, wote wanaeleza mwanzo wao kwa njia hiyohiyo ya kutembea.

Alama juu ya mti

Kati ya mwaka 1950 na 1954 mtaalamu Victor Turner alikaa na Wandembu wa Mwinilunga, ng'ambo ya mpaka, katika nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini na leo ni Zambia. Alitaka kujua maana ya vitu vya ibada: mti wa mudyi wenye maziwa meupe, ambao chini yake binti analazwa siku ya nkang'a, udongo mweupe, udongo mwekundu. Akauliza: vitu hivi mnaviita nini? Wakamwambia: chijikijilu. Na neno hilo, kama alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1967, linatoka kwa kazi ya mwindaji. Mwindaji akiingia katika pori asilolijua, anachanja mti kwa shoka, ao anavunja tawi na kulilaza, ili jioni apate njia ya kurudi kwake. Alama ile njo chijikijilu.

Sisi tunaona hapa jambo kubwa. Wandembu hawakutafuta neno la ibada mbali. Walilichukua kwenye njia ya miguu. Kwao ibada ni alama yenye kumtoa mtu kutoka pori asilolijua na kumrudisha nyumbani. Sasa mtoto wa leo, mwenye hajaona hata siku moja mti uliochanjwa, tutamwelezaje neno hilo? Tutamfundisha kama neno la kitabu. Atalijibu vizuri kwenye mtihani, lakini halitamsaidia kurudi.

Na mukanda ni vilevile. Wavulana wanatolewa mjini na kupelekwa porini, si juu ya kufichwa tu, lakini juu ya kujifunza: mti gani unafunga damu, mdudu gani analiwa, namna gani ya kupita bila kupiga kelele. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza makishi wa mukanda wa kaskazini-magharibi mwa Zambia kuwa urithi wa dunia nzima, na mwaka 2008 wakaingia katika orodha yake. Dunia imeiheshimu ngoma na kinyago. Lakini tukumbuke kwamba likishi anatoka porini, na bila pori hana pa kutoka.

Njia za machozi

Hatutaki kudanganya wasomaji kwamba njia hizi zilikuwa za starehe siku zote. Mwaka 1802 wafanyabiashara wawili weusi, Pedro João Baptista na mwenzake, waliotumwa na Wareno, waliondoka Kasanje katika Angola. Walipita kwa Mwata Yamvo, wakashikwa kwa Kazembe karibu miaka 4, na mwaka 1811 wakafika Tete katika Msumbiji. Walivuka bara kwa miguu mbele ya Livingstone. Walipita katika njia zilizokuwa tayari zimekanyagwa na wenye chumvi, wenye shaba na wenye pembe.

Baadaye njia hizo zilibeba mzigo mwingine. Misafara ya Wavimbundu kutoka Bihe, na ya Wachokwe, ilipita Lovale na Lunda kuelekea Bunkeya kwa Msiri, ikirudi na pembe na watu waliofungwa. Kwa njia za upande huo mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya mwezi wa pili 1886. Na hata baada ya Msiri kuuawa, tarehe 20 Desemba 1891, biashara haikuisha. Mwandishi Mwingereza Henry Nevinson, aliyetembea katika Angola mwaka 1904 na 1905, alikuta kando ya njia pingu za miti zenye zilifungwa watumwa, nyingine zimetundikwa juu ya matawi. Zile nazo ni alama juu ya mti, lakini alama za kumpoteza mtu, si za kumrudisha.

Kisha ikaja Leta ya Wabelgiji na ubebaji wa mizigo na kodi. Ndiyo sababu wazee wengi hawakupenda neno "matembezi". Kwao njia ilikuwa shingo yenye kuuma. Kama leo tunaweza kutembea kwa raha katika njia zilezile, si jambo dogo. Ni ushindi wa babu zetu ambao hawakuuona.

Reli na kijia cha kando yake

Mwaka 1902 Robert Williams alipata kwa Wareno ruhusa ya kujenga reli kutoka bahari ya Lobito na Benguela kuelekea shaba ya Katanga. Kilometa 1,344 za upande wa Angola zilifika mpakani mwaka 1929, na mwaka 1931 sehemu ya Kongo, kutoka Dilolo hadi Tenke, ilikuwa imeungana nazo. Kasaji ya leo ni mtoto wa reli hiyo. Gare ilivuta soko, soko likavuta masomo, misioni ya Garenganze ikawa na watu wake, na vijiji vikasogea.

Wengi wanafikiri kwamba treni iliua kutembea. Haikuua, iliupa kutembea mstari mpya. Kando ya reli pakazaliwa kijia, sababu reli haina mlima mkali, haina tope jingi, na mtu hapotei. Watu wa Katanga wote wanajua "kufuata reli". Mama anafuata reli na kitunga cha muhogo, mwanafunzi anafuata reli na madaftari, mwenye kinga anaisukuma pale mchanga unapokuwa mwingi. Na siku ya Mungu, ibada ikiisha, vijana wanavaa vizuri na kufuata reli, wasichana mbele, wavulana nyuma kidogo, wote wakisema kwamba wanapunga hewa tu. Ndoa ngapi zilianza hapo, hakuna mwenye kuzihesabu.

Mwaka 1975 vita ya Angola ilifunga njia ya Lobito. Manganezi ya Kisenge, iliyokuwa ikipita hapo kwenda baharini, ikakosa mlango, na mji mzima wa wafanyakazi ukabaki kimya. Treni ilipoanza kukosekana, watu walirudi kwenye kile kijia cha kando. Chuma kilisimama, miguu ikaendelea.

Siku za kukimbia

Mwezi wa tatu 1977 askari wa FNLC waliingia kutoka Angola, vita tunayoiita ya Shaba ya kwanza. Dilolo, Kisenge, Sandoa, Kapanga, na Kasaji pia, vikaanguka mikononi mwao, na kabla mwezi haujaisha walikuwa Mutshatsha, katika njia ya Kolwezi. Kisha jeshi la Zaire likarudi, likisaidiwa na askari wa Morocco, na mwezi wa tano vita ikaisha. Raia walikimbia mara mbili: mara ya kwanza mbele ya wanaokuja, mara ya pili mbele ya wanaorudi. Makumi ya maelfu walivuka kwenda Angola.

Barabara kubwa ilikuwa ya magari ya askari. Reli ilikuwa ya kuonekana mbali. Kilichobaki ni njia za miguu: njia ya kwenda mutoni, njia ya mashamba ya zamani, njia ya wawindaji. Mwenye alizijua, alipita na watoto usiku. Mwenye hakuzijua alimfuata mwenye kuzijua. Hapo tunaelewa kwamba elimu ya kutembea porini, yenye inaonekana ni mchezo wakati wa amani, ni akiba ya uhai. Watu hawakujifunza njia zile siku ya vita. Walikuwa wamezijifunza siku za bowa na masuku.

Mgongo wa nchi

Kuko sababu nyingine ya kuitembea nchi yetu. Kusini kwetu, mpakani mwa Kongo na Zambia, kuko mgongo wa ardhi ambao macho hayauoni vizuri lakini maji yanaujua. Upande mmoja mvua inashuka kaskazini: Lulua inaanza safari yake, inapita Sandoa na Kapanga, inafika Kananga na kuingia Kasai, Lualaba inashuka kuelekea Kolwezi na bwawa la Nzilo, na mwishowe inakuwa mto Kongo. Upande wa pili, kule Ikelenge, Zambezi inazaliwa katika mushitu mdogo na kwenda hadi Bahari ya Hindi. Livingstone mwenyewe, akirudi kutoka Luanda mwaka 1855, alifahamu katika nchi ya ziwa Dilolo kwamba yuko juu ya mgawanyo wa maji. Wenyeji walikuwa wakivuka mgongo huo kila wakati wa kuvua.

Chanzo cha Zambezi kimelindwa na Zambia kama mahali pa kumbukumbu ya taifa. Watu wanashuka kwa miguu hadi kwenye maji ya kwanza. Upande wetu vyanzo viko vingi vyenye havina hata kibao. Hatusemi hayo kwa wivu. Tunasema kwamba mtoto wa Kasaji anastahili kujua kwamba kijito anachoruka bila kulowa kinaweza kufika Banana.

Paki ni ya nani?

Mtu akisikia "paki", anafikiri Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, ao Kundelungu, ya mwaka 1970, yenye maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300. Ni mali kubwa ya Katanga. Upemba inashika pundamilia wa mwisho wa Kongo. Lakini paki za wakati wa ukoloni zilijengwa juu ya wazo moja: mnyama ndani, mwenyeji nje. Mwindaji aliyekuwa na njia yake akaitwa mwizi. Hatukatai ulinzi, na walinzi wengi wamekufa kwa ajili ya wanyama hao, tunawapa heshima. Tunakumbusha tu kwamba wazee wetu walikuwa na ulinzi wao, na ulikuwa wa kutembea. Mushitu wa chanzo haukukatwa, sababu ni nyumba ya maji. Makaburi ya mashefu yalizungukwa na miti yenye hakuna shoka lililoigusa. Kambi ya mukanda haikukaribiwa na mwanamke wala mtu asiyetahiriwa, na pori lake likapumzika. Mipaka hiyo haikuwa na waya. Ilikuwa katika kichwa cha kila mwenye kupita, na aliifundishwa akitembea nyuma ya mkubwa wake.

Chenye kinapotea

Leo pori linaliwa na makala. Hatuwezi kumlaumu mwenye kuchoma makala wakati nyumba nyingi za mijini hazina umeme wa kupikia. Anatafuta franga ya masomo ya watoto. Lakini miombo iliyokatwa inahitaji makumi ya miaka kurudi, na moto wa kila mwaka, ukija kuchelewa majani yakiwa yamekauka kabisa, unaua miche. Pakikosa muputu, viwavi wanakosa majani. Pakikosa viwavi, mama anakosa mboga ya wakati wa mvua. Na njia ya kwenda mahali pasipo na kitu, nani ataifuata?

Tuangalie pia Kolwezi. Katika kartie ya Kasulo, mwaka 2014 watu walikuta madini chini ya nyumba zao, wakachimba ndani ya vyumba na viwanja, na mwaka 2017 sehemu yake ikazungushiwa ukuta. Mtu hawezi tena kupita pale alipopita mama yake. Kasaji haijafika huko. Lakini Lualaba imekuwa provensi tangu 2015, reli ya Angola ilifufuka hadi mpakani, na tangu 2023 dunia nzima inazungumza juu ya njia ya Lobito. Treni nyingi zitapita mbele yetu. Tunazikaribisha. Tunauliza tu: wakati wa kupima ardhi, nani atasimama na kusema "hapa pana njia ya watu"? Atakayesema ni yule mwenye kuipita na kulijua jina lake.

Tufanye nini?

Shauri letu halihitaji franga. Tunaomba walimu, wazazi na vijana watembee pamoja, matembezi mepesi matatu kwa mwaka, asubuhi moja kila mara.

Ya kwanza ni ya maji, mwezi wa sita ao wa saba, wakati umande ni baridi na njia ni kavu. Tufuate kijito kimoja kutoka mahali tunapochota hadi kwenye chanzo, na mzee atuambie jina la kila kivuko.

Ya pili ni ya majani mapya, mwezi wa tisa ao wa kumi, kabla ya mvua, wakati miombo inavaa nyekundu kama mti wenye kuungua bila moto. Hapo tujifunze miti kumi, majina yake kwa Kilunda, Kichokwe na Kindembu, na kazi yake.

Ya tatu ni ya chakula, mvua ikishaanza: bowa juu ya vichuguu, masuku, mzizi wa munkoyo. Hii iongozwe na mama zetu, sababu elimu hiyo ni yao, na bowa mbaya haisamehi mwenye kubahatisha.

Sheria ni zile za zamani. Tumjulishe shefu tunapopita kwake. Tusalimie kila tunayekutana naye. Tusikaribie kambi ya mukanda. Tusiwashe moto. Mto tusioujua tusiuingie, na chuma tusichokijua tusikiguse. Wakubwa watangulie, na mwendo uwe wa mtoto mdogo kuliko wote. Mwenda pole hajikwai.

Na tukirudi, kila darasa liandike katika daftari moja majina ya njia, vivuko na vyanzo vilivyopitiwa, na nani aliyevitaja. Daftari hilo likae shuleni, nakala moja kwa shefu. Siku ya wapima-ardhi litakuwa ushahidi. Na kabla ya siku hiyo litakuwa chijikijilu chetu, tawi lililolazwa njiani kwa ajili ya wale wenye watakuja nyuma yetu.